Dondoo muhimu: Kusaka vitabu vya kale vya watoto ukiwa Dutwa

Anza na masanduku ya walimu wastaafu, kabla kurasa hazijatumika kufungia karanga mnadani. Ukikuta *Elisi Katika Nchi ya Ajabu*, iliyotolewa London na Sheldon Press mwaka 1940, usishangilie bado. Tazama nyuma ya ukurasa wa jina: penye mfululizo wa miaka, ujue kitabu kimepigwa chapa tena. Mwaka mmoja tu ni dalili njema ya chapa ya kwanza, ingawa si ushahidi kamili.

Muhuri wa shule usiufute (mie huupenda kuliko jalada jipya). Selotepu marufuku; huacha doa la kahawia lisilotoka. Na mchwa je? Rafu ya chuma, isiyogusa ukuta, ikaguliwe hasa mvua zinapoanza.