Mabalozi wa Bukta: Mafunzo Niliyopata Kwenye Mbio za Ughaibuni

Mabalozi wa serikali hupokelewa ikulu za watu na kukabidhi hati zao za utambulisho. Sisi wa Mbulu na Hanang tuna mabalozi wa aina nyingine, wanaovaa bukta na fulana ya bendera. Gidamis Shahanga wa Hanang alitwaa dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978, akaongeza ya mita 10,000 Brisbane mwaka 1982. Mimi sikufika huko. Nilikimbia mbio za barabarani Ulaya kwa misimu kadhaa, na sasa nafundisha vijana Dongobesh. Ninayowaambia ndiyo haya.

1. Wajue watu wa kwenu kabla hujapanda ndege.
Kwenye meza ya kuchukulia namba za kifuani, mhudumu alikuwa akinitazama tu, kisha anaanza kulitafuta jina langu kwa Wakenya. Nilizoea kuweka kidole kwenye herufi TAN. Baada ya hapo huja maswali, na anayeuliza hatakwenda kuhakiki kwingine; utakachosema ndicho atakachokijua. Nilikuwa nikiwasimulia Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na jinsi Wairaqw, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe wanavyoishi jirani ilhali lugha zao hazina asili moja. Wengi walikuwa hawajasikia neno lolote juu ya Tanzania zaidi ya Kilimanjaro na Serengeti.

2. Siku mbaya nayo ni siku ya kazi.
Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968, kwenye mji ulio juu zaidi ya mita 2,200. Misuli ilimkaza, akaanguka katika msukumano, goti likaumia vibaya. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alishamaliza zaidi ya saa moja kabla yake. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshatanda, mguu umefungwa bandeji, akichechemea, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Walioanza walikuwa 75. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Miaka 40 baadaye, mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa walioubeba. Hakuna medali ya siku ile iliyoitangaza Tanzania kuliko goti lake.

3. Bendera ina mwenyewe.
Filbert Bayi ni mzaliwa wa Karatu, wakati huo ikiwa sehemu ya wilaya ya Mbulu. Mei 1975 alikwenda Kingston, Jamaika, kisiwa kidogo ambacho nacho kimejulikana duniani kwa miguu ya wanariadha wake, akavunja rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51. Mwaka uliofuata Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal pamoja na nchi nyingine za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Bayi hakukimbia, na dhahabu ya mita 1,500 ikaenda kwa John Walker, wa hiyo hiyo New Zealand. Ukikubali kuvaa bendera, umekubali na siku itakayoamuliwa ubaki nyumbani.

4. Mkataba usiouelewa usiutie saini.
Mwenzangu mmoja alishika nafasi nzuri, lakini wakala wake akamkata fungu kubwa la zawadi kwa kipengele kilichoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Balozi wa serikali ana mwanasheria. Mkimbiaji ana begi tu. Tafuta wa kukutafsiria kabla ya kalamu kugusa karatasi, na ukifika ugenini uujulishe ubalozi kwamba upo.

Ombi langu ni kwa viongozi wa riadha na maofisa michezo wa Mbulu na Hanang. Kabla kijana hajasafiri, mpeni japo siku moja ya kumwandaa: historia ya kwao, mkataba wake, na namba ya simu ya ubalozi. Balozi wa serikali haondoki bila kuandaliwa, na huyu wa bukta anabeba jina la nchi ile ile.