Swali la Bungeni na Jibu la Waziri: Somo kwa Mtumiaji wa Huduma za Umma

Mtumiaji wa huduma ambaye mita yake ya maji imesomwa vibaya anajua pa kuanzia. Hupeleka malalamiko yake kwa mamlaka ya maji iliyomwandikia ankara, na asiporidhika na majibu huyafikisha kwa mdhibiti, yaani EWURA. Lakini yapo mahitaji ambayo hayana mita wala ankara. Kijiji kilichochimbiwa mitaro ya mabomba, kisha mkandarasi akaondoka na mitaro ikafukiwa na mvua, hakina ankara ya kupinga. Zahanati iliyokwisha kuezekwa, yenye milango na madirisha, lakini haina muuguzi wala dawa, haijamtoza mtu senti moja isiyo halali. Katika hali kama hizo shida haitokani na kosa la mtoa huduma dhidi ya mteja wake. Inatokana na fedha za umma zilikopelekwa au zisikopelekwa. Jambo la namna hiyo huhojiwa Bungeni, na somo hili linaeleza jinsi linavyohojiwa na jinsi mwananchi wa kawaida anavyoweza kulisoma jibu linalotolewa.

Msingi wa kuhoji umo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na miongoni mwa njia zilizotajwa hapo, ya kwanza kabisa ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Maneno hayo ya mwisho, yaliyo katika wajibu wake, ndiyo yanayoangusha maswali mengi mazuri. Mwananchi huona zahanati moja. Serikali huona ofisi tatu. Jengo na watumishi wa zahanati ya kijiji viko chini ya halmashauri, na halmashauri zinasimamiwa na TAMISEMI. Sera ya afya iko kwa Waziri wa Afya. Dawa hutoka Bohari ya Dawa, ambayo nayo iko chini ya Wizara ya Afya. Shule ya msingi ni vivyo hivyo: mtaala ni wa Wizara ya Elimu, ilhali darasa lisilo na madawati ni la TAMISEMI. Maji ya vijijini, tangu Julai 2019, yamo mikononi mwa RUWASA chini ya Wizara ya Maji, na barabara za mitaa na vijijini zinashughulikiwa na TARURA. Anayempelekea mbunge wake hoja bila kutenganisha mambo hayo humpa swali ambalo waziri anaweza kulisukuma kwa mwenzake kwa adabu zote.

Swali la kawaida hupelekwa kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge, nalo hukaguliwa lisije likavunja Kanuni za Kudumu: lisiwe hotuba, lisihusu shauri lililo mahakamani, na lihusu jambo ambalo waziri anaweza kuwajibika kwalo. Hupangiwa siku, na wizara huandaa jibu. Kwa hiyo jibu linalosomwa asubuhi Bungeni, mara nyingi na Naibu Waziri kwa niaba ya waziri wake, ni maandishi yaliyopita mezani kwa maofisa kadhaa. Ni jibu lililopimwa, na halina budi kusomwa kwa kipimo kilekile. Baada yake mbunge mwenye swali huruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, na wabunge wengine wanaweza kupewa nafasi ya swali moja moja. Huko kwenye nyongeza waziri hujibu bila karatasi iliyoandaliwa, na msikilizaji makini huko ndiko anakoongeza sauti ya redio. Maswali kwa Waziri Mkuu, yanayoulizwa siku ya Alhamisi, ni ya papo kwa papo, lakini huhusu sera ya Serikali kwa jumla. Bomba la kijiji kimoja si mahali pake.

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, kwa kuwa lugha ya majibu hujifunzwa vema kwa kuitazama. Mbunge ameuliza: "Je, ni lini Serikali itakamilisha mradi wa maji katika kata fulani ambao umesimama kwa miaka mitatu?" Naibu Waziri anajibu: "Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua changamoto ya maji katika kata hiyo. Katika mwaka huu wa fedha, Serikali imetenga shilingi milioni 800 kwa ajili ya kukamilisha mradi huo. Utekelezaji utaendelea kadri fedha zitakavyopatikana."

Wananchi wengi wakilisikia jibu hilo hushangilia zile milioni 800. Hawana makosa, ila wameshangilia mapema. Fedha ya umma hupita katika hatua, na kila hatua ina kitenzi chake. Fedha iliyotengwa imeandikwa katika makadirio. Fedha iliyoidhinishwa imepitishwa na Bunge. Fedha iliyotolewa imeondoka Hazina ikafika kwenye akaunti ya mtekelezaji, na iliyotumika imelipa kazi inayoonekana kwa macho. Kutoka hatua ya pili hadi ya tatu ndiko miradi mingi hukwama. Bajeti ni kibali cha kutumia, nacho hutegemea mapato yatakayokusanywa, mikopo na misaada. Kibali chenyewe hakina noti ndani yake. Jibu la mfano wetu limetaja hatua ya kwanza tu, kisha likajifunika kwa maneno "kadri fedha zitakavyopatikana", ambayo humfungua waziri kutoka katika ahadi yoyote ya tarehe. Si uongo. Ni kweli tupu isiyomfunga mtu.

Swali la nyongeza linalofaa hapo halina haja ya ukali. "Kati ya shilingi milioni 800 zilizotengwa, ni kiasi gani kimekwisha kupelekwa RUWASA hadi leo? Na je, mkandarasi amelipwa hati zake za malipo za awamu iliyopita?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa tarakimu, au hukosa jibu waziwazi. Likikosa jibu, Spika anaweza kuelekeza kwamba waziri alete majibu kamili baadaye, na maelekezo hayo nayo huingia katika kumbukumbu. Linganisha na swali ambalo husikika mara nyingi zaidi: "Je, Waziri yuko tayari kuongozana nami kwenda jimboni kuwaona wananchi hawa?" Waziri huwa tayari sikuzote. Safari hiyo ina heshima yake na pengine huharakisha jambo, lakini haitoi tarakimu hata moja, na muda wa nyongeza umekwisha.

Yapo maneno mengine ya kuzoea. "Upembuzi yakinifu unaendelea" maana yake hakuna mkandarasi bado, wala gharama kamili haijajulikana. "Mradi upo katika hatua za manunuzi" ni hatua ya mbele zaidi, na hapo inafaa kuuliza zabuni ilitangazwa lini. "Tutalipa kipaumbele katika bajeti ijayo" ni ahadi inayoweza kupimwa, kwa sababu bajeti ijayo itachapishwa. Yafaa iandikwe pamoja na tarehe yake na jina la wizara.

Kupima huko hufanyika kati ya Aprili na Juni, Bunge linapokaa kwa ajili ya bajeti kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Kila waziri husoma hotuba, na ndani ya hotuba hiyo mna aya ambayo magazeti huiruka: kiasi kilichoidhinishwa kwa mwaka unaoisha na kiasi kilichopokelewa hadi mwezi fulani, pamoja na asilimia yake. Mara nyingi viwango hivyo viwili havilingani, hasa upande wa fedha za maendeleo. Mtumiaji wa huduma mwenye dakika chache tu za kusoma hotuba ndefu aanze na aya hiyo.

Baada ya mjadala, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia mafungu. Wizara ya Maji ni Fungu 49, Wizara ya Afya ni Fungu 52, TAMISEMI ni Fungu 56. Hapo ndipo husikika maneno yanayowachekesha wengi: mbunge anasimama kwenye kifungu cha mshahara wa Waziri na kutangaza kwamba asipopata maelezo ya kuridhisha atashika shilingi. Maana yake ni kwamba atatoa hoja ya kupunguza shilingi moja katika mshahara huo. Shilingi yenyewe haimfilisi mtu, lakini hoja hiyo hufungua mjadala: wabunge wengine huiunga mkono au kuipinga, na waziri hulazimika kusimama tena. Mara nyingi waziri hutoa ahadi na mbunge hurudisha shilingi. Ahadi iliyonunuliwa kwa shilingi hiyo ni nzito kuliko ile ya asubuhi ya kawaida, kwa kuwa imetolewa fedha za wizara zikiwa bado hazijapita. Kasoro ni muda. Ukiisha, mafungu yaliyosalia hupitishwa kwa pamoja bila kuhojiwa moja moja.

Huenda msomaji akauliza kwa nini wabunge wasiikatae bajeti yote wasiporidhika. Ibara ya 90 ya Katiba inamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Kura ya mwisho, tena, hupigwa kwa kumwita kila mbunge kwa jina. Kwa mfumo huo, ni busara kutotarajia kukataliwa kwa bajeti nzima, na kuweka nguvu katika swali, katika shilingi na katika kamati.

Kamati zina jambo ambalo ukumbi mkubwa hauna: nafasi ya kudadisi hadi mwisho. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mujibu wa Ibara ya 143, hukagua hesabu na taarifa yake hufikishwa Bungeni. Kamati ya Hesabu za Serikali huwaita maofisa masuuli wa wizara, na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wa halmashauri. Waziri hujibu kuhusu sera. Ofisa masuuli hujibu kuhusu hati ya malipo na sahihi iliyo juu yake.

Mfano mkubwa wa uzito wa kuhoji unahusu umeme. Mwaka 2006 ukame ulipunguza maji katika mabwawa ya kuzalisha umeme, na mgawo ukaingia majumbani na viwandani. Mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 ulitolewa kwa kampuni ya Richmond, na mitambo haikuwasili kwa wakati. Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa yake ilisomwa Februari 2008, na tarehe 7 ya mwezi huo Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza Bungeni kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu, huku akilalamika kuwa Kamati haikumhoji. Mawaziri wawili nao walijiuzulu. Mambo ya kiwango hicho ni nadra, na hatuyataji ili kila kijiji kidai kujiuzulu kwa mtu. Lakini yalianza na jambo ambalo kila mwenye kibatari alilijua: umeme ulioahidiwa haukuwaka.

Basi mwananchi alipeleke vipi swali lake? Aanze chini. Mkutano mkuu wa kijiji una haki ya kusomewa mapato na matumizi, na diwani anaweza kuuliza katika baraza la madiwani. Majibu ya huko ndiyo malighafi ya swali la Bungeni. Kisha amwandikie mbunge, wa jimbo au wa viti maalumu, barua fupi: jina la mradi kama lilivyo kwenye bango la eneo la kazi, mwaka ulioanza, mkandarasi, kiasi kilichotajwa, siku kazi iliposimama, na jibu lililotolewa na ofisi ya wilaya. Picha ya bango ina faida kuliko kurasa tatu za masikitiko. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia nafasi ya kuiomba ofisi ya umma taarifa kwa maandishi, na nakala ya ombi hilo iambatishwe.

Kwa walioko Zanzibar, maji, afya na elimu ya msingi si mambo ya Muungano. Maswali yake huulizwa katika Baraza la Wawakilishi, na mwakilishi wa jimbo ndiye wa kuandikiwa.

Swali likishaulizwa, jibu lake hupatikana katika Taarifa Rasmi ya majadiliano ya Bunge, iitwayo Hansard, ambayo huwekwa kwenye tovuti ya Bunge kwa tarehe ya kikao. Asiye na intaneti aiombe ofisi ya mbunge imchapie ukurasa unaohusika. Ukurasa huo ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, na pembeni yake iachwe nafasi ya kuandika kiasi cha fedha kilichofika na tarehe kilipofika.