Mikorosho Isiuzwe kwa Ajili ya Bweni

Shangazi,

Mimi ni mkulima hapa Nyamwage. Nina ekari nne za mikorosho na kipande cha mpunga bondeni. Binti yangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu shule ya serikali. Kaka yangu anayeishi Mbagala ameniletea fomu ya shule binafsi ya bweni inayofundisha kwa Kiingereza. Ada ni milioni mbili na laki nne kwa mwaka, mbali na sare, godoro na michango. Mteja wa ekari mbili za mikorosho nimeshampata. Mama yake mtoto amekataa katakata, anasema bado mdogo. Mimi naona anamrudisha nyuma. Kila msimu wa mpunga tunahamia dunguni kulinda shamba na mtoto hukosa masomo wiki kwa wiki. Nikimwacha hivi, atafika sekondari hajui Kiingereza, aishie kama mimi. Shule inataka malipo ya kushika nafasi kabla mwezi huu haujaisha. Nifanyeje?

Mzazi, Nyamwage

Mwanangu, usilipe, na huyo mteja mwambie mikorosho haiuzwi.

Mkeo ana hoja, na serikali iko upande wake. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Binti yako yuko la tatu. Kabla ya kuuliza habari za ada, muulize mkuu wa shule hiyo anampokea mtoto huyu bwenini kwa kibali gani, naye akujibu kwa maandishi. Zuio hilo nililipokea kwa moyo mmoja. Mtoto wa miaka tisa akipandwa na homa usiku, akikojoa kitandani, au mtu akimshika vibaya, mara nyingi hasemi. Anayegundua ni yule anayemjua hata akinyamaza. Matroni mwenye bweni zima la watoto, hata awe na huruma kiasi gani, hawezi kuwa mama wa kila mmoja.

Tuje kwenye hesabu. Kwa sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Ukimhamisha mwakani aanze la nne, ada peke yake ni milioni saba na laki mbili mpaka amalize. Na shule nyingi za Kiingereza humrudisha darasa mtoto aliyetoka shule ya Kiswahili. Wakimrudisha la tatu, ni milioni tisa na laki sita. Hapo sekondari haijaanza, na mikorosho umeshauza. Huku shule za serikali hazitozi ada tangu mwaka 2016, na kuanzia mwaka 2022 hata kidato cha tano na cha sita vimeingizwa humo. Wewe ni mkulima, wala sina haja ya kukukumbusha msimu wa 2018, bei ya wanunuzi ilipokataliwa, serikali ikazichukua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakakaa miezi wakisubiri fedha zao. Shule haisubiri. Januari ada haijaingia, mtoto anarudishwa nyumbani na begi lake.

Lakini kuna sentensi moja katika barua yako iliyonishika kuliko zote, nayo umeipitia haraka: mnahamia dunguni, mtoto anakosa shule. Mwanangu, tatizo lenu liko hapo. Hakuna mwalimu wa kumfundisha mtoto asiyekuwepo. Anarudi wenzake wameshamaliza kugawanya, yeye bado yuko kwenye kuzidisha, na pengo hilo linakua kila mwaka. Anachohitaji ni mtu mzima wa kulala naye kijijini siku za shule. Je, bibi yake yupo? Kama yupo, mwachieni unga, mchele, mboga na fedha ya mchango wa chakula cha mchana shuleni, ili mzee asibebeshwe mzigo. Kama hayupo, gawaneni: mmoja wenu akae kijijini Jumatatu hadi Ijumaa, mwingine afukuze ndege na nguruwe bondeni, wiki inayofuata mbadilishane. Najua kazi ya shamba itakuwa ngumu zaidi kwa atakayebaki peke yake. Majirani wenye watoto wa umri huo wana shida hiyohiyo, mnaweza kupokezana. Na nenda kwa mwalimu mkuu mapema, kabla ya kupanda, umweleze mpango wenu, ili mtoto asipoonekana siku mbili akupigie simu.

Hofu yako ya Kiingereza ni ya kweli, wala sitakupuuza. Mtoto anasoma kwa Kiswahili msingi mzima, kisha kidato cha kwanza anakutana na baiolojia na jiografia kwa Kiingereza. Ni ukuta mkubwa. Hata hivyo, anayeupanda ni yule anayesoma vizuri lugha aliyo nayo. Leo jioni mpe kitabu akusomee ukurasa mmoja, kisha akueleze alichosoma. Akikwama, anzieni hapo. Akisoma vizuri, mtafutie mwalimu wa twisheni ya Kiingereza hapo kijijini. Fedha kidogo ya mpunga itatosha kuanzia.

Bweni sijalifuta. Akifika sekondari, ninyi wawili mkikubaliana, kaangalieni shule wenyewe, bila kutoa taarifa. Ingia bwenini. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa moto ulipoteketeza bweni la Sekondari ya Idodi, Iringa. Septemba 2020 moto wa bweni uliua watoto wasiopungua 10 huko Byamungu, Kyerwa. Septemba 2024 wavulana 21 huko Endarasha, Kenya. Kwa hiyo tazama milango ni mingapi, madirisha yana nondo au hayana, ufunguo anakaa nao nani usiku. Uliza namba ya usajili, kisha uihakiki katika ofisi ya Uthibiti Ubora wa Shule pale Utete. Ukionyeshwa bango la "kumi bora", kumbuka kwamba Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023. Matokeo ya kila shule yako kwenye tovuti yao, kijana yeyote mwenye simu atakufungulia. Uliza pia waliingia kidato cha kwanza wangapi, na waliofanya mtihani wa kidato cha nne ni wangapi. Waliopungua walikwenda wapi? Na ada uilipe kwa awamu zinazofuata mauzo yako, mpunga katikati ya mwaka na korosho mwishoni.

Kaka yako amefanya la kindugu. Fomu mrudishie kwa heshima, na umwombe jambo jingine: binti akimaliza msingi, ampokee Mbagala miezi ile ya kusubiri kidato cha kwanza, asome masomo ya maandalizi. Hilo lina muda. La mwaka huu ni kukaa na mkeo mkubaliane nani atalala na mtoto Nyamwage mpunga ukianza kuchanua.