Ukelele Usio na Maneno: Maoni ya Wasikilizaji wa Muthetheni Kuhusu Albamu ya The Adept

Wahakiki wa fasihi simulizi tumezoea kuuliza swali moja kuhusu wimbo wa kisiasa: unasema nini? Swali hilo lina uzito wake, ila linachukulia kwamba maneno ya wimbo yanasikika. Makala haya yanajadili albamu ambayo maneno yake husikika kwa shida kubwa, na ambayo hata hivyo ina nia ya kisiasa. Albamu yenyewe ni The Adept ya Mkenya Martin Khanja, ajulikanaye jukwaani kama Lord Spikeheart. Ilitoka Aprili 2024 chini ya Haekalu, kampuni aliyoianzisha mwenyewe, na ambayo jina lake linamkumbusha msomaji neno hekalu. Msanii ameitoa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mwanamke wa pekee aliyepata cheo cha Fildi Masho katika vita vya Mau Mau. Msanii hujitambulisha kuwa kitukuu wake.

Kwa msomaji asiyeufahamu muziki huu, historia fupi inatosha. Roki ya metali ina matawi mengi. Tawi liitwalo thrashi lilichipuka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980: gitaa hukwaruzwa kwa kasi, ngoma hufuata mbio, na mwimbaji hufoka badala ya kuimba. Tawi hilo halikukawia kuingia siasa. Metallica, katika ...And Justice for All (1988), waliushutumu mfumo wa haki unaonunuliwa kwa pesa. Sepultura wa Brazil, katika Chaos A.D. (1993), walitunga wimbo kuhusu mauaji ya wafungwa 111 katika gereza la Carandiru, São Paulo, mwaka 1992. The Adept si thrashi halisi. Imeurithi ufokaji huo ikauzidisha kwa midundo ya kompyuta na sauti inayonguruma, ikapaa, ikakatika. Khanja aliwahi kufanya hivyo pia akiwa na Sam Karugu katika kundi la Duma, ambalo albamu yake ya kwanza ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020. (Kwa Mswahili duma ni mnyama, wenyewe walikusudia giza, kwa Kikuyu. Kwa kasi ile, Mswahili naye hajakosea sana.)

Mnamo Desemba 2024 niliwasikilizisha watu wanne albamu hii nyumbani Muthetheni: vijana wawili waendesha bodaboda, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na susu mmoja ambaye ujana wake ulipita katika miaka ya hali ya hatari. Hawa si sampuli ya utafiti, na sidai kwamba wanawakilisha Ukambani. Nawaleta hapa kwa sababu maoni yao yaligongana mahali ambapo nadharia zetu hazijafika.

Vijana hawakuchukua muda. Mmoja alisema ni kelele. Mwenzake alisema ni kelele ya mtu aliyeudhiwa, akataka kujua aliudhiwa na nani. Swali hilo la pili nitalirudia.

Mwalimu ndiye aliyepinga kwa hoja. Alisema kwamba anayedai kuwatetea wanyonge huku wanyonge hao hawamwelewi anajitetea mwenyewe. Akamtaja Abdilatif Abdalla, aliyetunga Sauti ya Dhiki akiwa gerezani kati ya 1969 na 1972: mtu aliyefungwa na serikali, mwenye kila sababu ya kupiga ukelele, akatunga kwa vina na mizani, na kila mtu akamwelewa. Hoja hii ni nzito, na waupendao muziki huu huikwepa. Hata hivyo ina ufa. Katika diwani hiyohiyo mna shairi la ‘Mamba’, na anayelisoma bila kujua habari za mtunzi atadhani anasomewa habari za mnyama wa mtoni. Kueleweka kwa Abdilatif kulitegemea pia hadhira iliyojua kwa nini amefungwa.

Aidha, mwalimu alimalizia kwa kusema kwamba hayo si mashairi kamwe. Ndugu msomaji atakumbuka kauli kama hiyo ilivyotolewa dhidi ya Kezilahabi baada ya Kichomi kuchapishwa mwaka 1974. Wanamapokeo walishikilia arudhi, wanausasa wakashikilia uhuru, na hoja nyingi zikahusu umbo. Kwa maoni yangu tukiipima The Adept kwa mgogoro huo tutapotea, maana Kezilahabi aliacha vina lakini hakuyaacha maneno.

Susu alisikiliza kimya. Kisha akasema kwamba sauti ile si ngeni kwake. Amewahi kuisikia katika kilumi. Kilumi ni ngoma ya Wakamba, ya wanawake wazima hasa, inayopigwa mvua inapokosekana au aimu, yaani pepo wa mababu, wanapotakiwa kutulizwa. Anayepandwa na pepo hupiga kelele ambazo si lugha ya kila siku, na hakuna anayelalamika kwamba hakupata maneno. Mbona? Kwa sababu kila aliyekuja uwanjani anajua kilichomleta. Ukame unaonekana shambani. Tukio limekwisha kusema, na sauti inafuata.

Hapo ndipo nilipowaeleza wote wanne albamu imetolewa kwa heshima ya nani. Susu alimkumbuka Muthoni kutokana na habari za redio za Aprili 2022, pale Mama Ngina Kenyatta alipomkata nywele alizokuwa amezifuga tangu msituni. Muthoni alifariki Septemba 2023. Susu akaomba wimbo wa kwanza urudiwe. Kijana aliyeuliza nani kamuudhi hakuuliza tena. Mwalimu akatikisa kichwa: alitaka kujua ikiwa jambo hilo limo ndani ya wimbo au limo katika maelezo yangu.

Jibu langu ni kwamba limo katika maelezo, na hilo ni udhaifu wa albamu hii. Sauti inabeba hasira. Anayekasirikiwa hatajiki mpaka mtu asome maelezo yaliyoandikwa pembeni. Wasikilizaji wake wengi wako mbali na Nyeri, na mbali zaidi na Muthetheni. Lakini udhaifu huo hautokani na ukelele wenyewe. Miezi miwili baada ya The Adept kutolewa, vijana wa Kenya waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 Juni 2024 wakaingia hadi bungeni. Wimbo waliouchezea ulikuwa ‘Anguka Nayo’ wa Wadagliz, wimbo wa kuchezesha watu ambao haukutungwa kuishtaki serikali. Barabara iliupa siasa, kama ukame unavyokipa kilumi maana yake. The Adept ina nia ambayo ‘Anguka Nayo’ haikuwa nayo, ila haijapata uwanja.

Mwalimu bado anataka apewe maneno ya nyimbo hizo yakiwa yameandikwa, kwa herufi kubwa, kwa sababu macho yake yamechoka. Ni ombi la haki.