Motakaa ya Zamani na Utunzaji Wake

Kusini mwa mji wa Arusha, mahali paitwapo Kwa Mrombo, njia nyingi huwa na vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Watu wa mbali hupajua mahali hapo kwa sababu ya nyama choma. Lakini apitaye nyuma ya nyumba huweza kuona kitu kingine: motakaa ndogo ya kale, imefunikwa turubai chini ya mti, na kuku wametaga chini yake. Mnunuzi wa chuma chakavu apitapo na mizani yake huitazama sana. Mwenyewe naye hujiuliza: Je, aiuze kwa kilo, au aitengeneze?

Jibu si moja kwa kila gari. Somo hili lahusu motakaa moja iliyoenea sana Afrika ya Mashariki, nayo ni Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo kama kobe. Aliyeibuni ni Ferdinand Porsche, katika miaka ya 1930. Kazi ya kuiunda kwa wingi ilianza mwisho wa mwaka 1945 katika mji wa Wolfsburg, Ujerumani, wakati kiwanda kilipokuwa chini ya majeshi ya Waingereza. Mwezi wa Februari 1972 idadi yake ilipita ile ya Ford ya Model T, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, nchi ya Meksiko, mwezi wa Julai 2003. Zote pamoja zilizidi 21,500,000.

Katika nchi hizi ilipata sifa kwa mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari hilo dogo lilishinda mwaka 1954, tena 1957, tena 1962, likayaacha nyuma magari makubwa kuliko lenyewe katika matope na mawe.

Sababu yake yafaa ijulikane. Injini ya magari mengi hupozwa kwa maji. Hii hupozwa kwa upepo. Imekaa nyuma ya gari, nayo ina silinda 4 zilizolala, 2 upande huu na 2 upande huu. Feni huvuta hewa na kuipuliza juu ya silinda, nazo zina mapezi membamba ya chuma ili zipoteze joto upesi. Haina rejeta, wala maji ya kuchemka njiani au kuvuja. Lakini mwenye gari hili hawezi kudharau mkanda wa feni. Mkanda ukikatika, feni husimama, na taa nyekundu huwaka mbele ya dereva. Hapo sharti asimame mara ile ile, hata kama nyumba yake aiona. Akijiambia, "Nimekaribia, nitafika tu," atafika na injini iliyoungua.

Sasa achukuliwe kwa mfano mzee mmoja wa Kwa Mrombo, ambaye motakaa yake haikuwashwa kwa miaka 12, na mjukuu wake wa darasa la sita. Siku turubai lilipoondolewa, mjukuu alirukaruka kwa furaha.

"Babu, tuiwashe kwanza tusikie sauti yake!"

"Mjukuu wangu," akasema mzee, "mtu aliyelala kitandani miaka 12, je, akiamshwa utamwambia akimbie? Lete bisibisi, si ufunguo."

Kwa bisibisi hiyo mzee alitoboatoboa sakafu ya gari, hasa chini ya kiti cha nyuma mahali pa betri, na ile mihimili mitupu ipitayo chini ya milango. Hapo ndipo maji hutulia na kutu huanza. Bisibisi ikigonga na kurudi, chuma ni kizima. Ikizama kama katika mkate, chuma kimekwisha. Kama mihimili yote imeliwa, gharama ya kuchomelea yaweza kupita thamani ya gari, na afadhali mnunuzi wa chuma aitwe. Watu wengi hukosea hapa: huanza na rangi, kwa kuwa rangi huonekana na majirani. Mzee alikuta tundu moja chini ya betri, upana wa kiganja. Fundi alikata sehemu iliyooza, akachomelea bati jipya, na mjukuu akalisugua kwa msasa na kulipaka rangi ya kuzuia kutu.

Hilo tundu lilikuwa na sababu yake. Betri hutoa mvuke wa asidi, na asidi hula chuma. Tena maji ya kuongeza katika betri yawe yale yaliyotoneshwa, yauzwayo kwa kazi hiyo. Maji ya Arusha hutoka katika miamba ya volkeno ya Mlima Meru, nayo katika sehemu nyingi yana floridi na chumvi nyingine nyingi. Floridi ikizidi huacha alama za rangi ya kahawia katika meno ya watoto. Na madini ya maji kama hayo huharibu betri pia. Na juu ya betri sharti kiwepo kifuniko, maana springi za kiti, watu wazito wakikalia, zaweza kugusa vichwa vyake na kutoa cheche.

Baada ya hayo walishughulikia petroli. Petroli iliyokaa miaka mingi huoza, hunuka kama vanishi, na kuacha gundi katika kabureta. Tangi li mbele, injini i nyuma. Kwa hiyo bomba hupita chini ya gari zima na kumalizikia kwa kipande cha mpira karibu na injini. Mpira huo ukizeeka hupasuka, petroli hudondoka juu ya injini yenye moto, na gari huteketea. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, nacho kimeunguza magari mengi. Mzee aliondoa petroli yote mahali pa wazi, mbali na jiko, akabadili mipira yote na kuikaza kwa vibano vipya. Mjukuu aliamriwa akae mbali mpaka harufu iishe, akanung'unika, lakini akakaa.

Ndipo wakaigusa injini. Walifungua plagi 4, wakatia oili kidogo katika kila silinda, wakaiacha kwa siku 2 ili ipenye penye kutu. Kisha mzee alishika spana namba 21, akaizungusha kwa mkono kwa nati ya dainamo, polepole. Mwanzo ilikataa, mara ya nne ikakubali. Kama angeiwasha kwa nguvu siku ya kwanza, pengine pete za pistoni zingalivunjika.

Oili ya zamani ilitoka nyeusi na nzito. Injini hii huchukua lita 2.5 tu, nayo haina chujio la karatasi, ila wavu wa waya. Kwa hiyo oili yataka kubadilishwa kila kilometa 5,000, na penye vumbi jingi mapema zaidi. Oili chafu haimwagwi ardhini. Watu hunywa maji ya visima na chemchemi.

Injini ikiwa baridi kabisa, walipima nafasi za valvu. Katika injini nyingi za namna hii kipimo ni milimita 0.15, nacho ni chembamba mno kwa macho, hivyo hutumiwa kipande cha chuma chenye unene huo huo. Kazi hii wengi huiacha kwa uvivu. Kwa kadiri gari linavyotembea nafasi hupungua, hata valvu isifunge sawasawa. Moto hupenya ukingoni mwake na kuula. Silinda ya tatu ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa katika injini za kale kipoza-oili kimesimama juu yake, na hewa imfikiayo imekwisha pata joto.

Mji wa Arusha u juu ya bahari kwa kadiri ya meta 1,400, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Kabureta iliyorekebishwa kwa Dar es Salaam huku hutoa petroli nyingi kupita hewa, na plagi huwa nyeusi kwa masizi. Fundi ahamiaye kutoka pwani akiona plagi nyeusi asiilaumu injini upesi.

Mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 Tanzania ilipungukiwa sana na fedha za kigeni. Spea hazikupatikana, na petroli ilikuwa adimu. Mafundi walichonga vyuma wenyewe, wakatoa kifaa katika gari bovu ili kuponya jingine. Magari mengi ya kale yaliyopo leo yana viraka vya miaka ile. Sasa spea mpya za gari hili bado hutengenezwa katika nchi za ng'ambo na huweza kuagizwa.

Mambo mengine yaweza kungoja, lakini breki haziwezi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo hutia kutu ndani ya silinda ndogo za magurudumu. Toka mjini kwenda Kwa Mrombo njia huteremka, na katika njia hiyo wamo watoto watokao shule, mikokoteni, pikipiki na mbuzi. Mzee alibadili silinda zote 4, mipira ya breki na mafuta yake. Wakati wa kazi gari halikuachwa juu ya jeki peke yake: magogo manene yaliwekwa chini yake, na magurudumu yaliyobaki yakazuiwa kwa mawe. Mjukuu alitaka kuingia chini kuokota nati kabla magogo hayajawekwa. Babu alimshika shati, akamvuta nyuma, wala hakusema neno kwa muda.

Asubuhi ya kuwasha, injini ilikohoa, ikatoa moshi wa buluu wa ile oili ya silinda, kisha ikanguruma. Hawakwenda mjini siku hiyo. Walijaribu breki uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, mara 10, wakachungulia kila gurudumu kama lavuja. Moja lilikuwa na tone. Mzee akazima injini, akamwambia mjukuu alete jeki na magogo.