Ndege ya Faradje na Makumbusho ya Ndege za Zamani

Katika somo hili tutasema juu ya makumbusho, lakini si yale ya ngoma na mikuki. Ziko nchi ambamo watu wamejenga nyumba kubwa za kutunzia ndege zilizokwisha kazi. Ndege imechoka, haitaruka tena. Wanaiosha, wanaipaka rangi yake ya kwanza, wanaweka maandishi mbele yake: ilitengenezwa wapi, mwaka gani, ilikuwa inaenda wapi. Kule Oakland, katika jimbo la California huko Marekani, iko nyumba moja ya namna hiyo, na kati ya vitu vyake vikubwa ni ndege ya maji ya aina ya Short Solent, iliyoitwa City of Cardiff.

Mtu wa Bunia atauliza: hiyo inatuhusu nini sisi? Inatuhusu. Ndege za aina ile zilitua Port Bell, karibu na Kampala, mpaka mwaka 1950, katika safari za kutoka Southampton, Uingereza, mpaka Afrika ya Kusini. Na kabla yao, mwaka 1939, moja ya ndege za maji zilizowatangulia ilitua huku kwetu bila kualikwa, katika mto Dungu karibu na Faradje. Ilikaa huko karibu miezi 10. Jina lake Corsair.

Kwanza tueleze ndege ya maji ni kitu gani. Tumbo lake limetengenezwa kama mtumbwi, na inatua juu ya ziwa, bahari au mto mpana. Zamani zile viwanja virefu vilikuwa vichache sana katika Afrika, lakini maji yalikuwa tayari, hakuna wa kuyalimia. Kwa hiyo tangu mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ilipeleka barua na wasafiri kutoka Southampton mpaka Durban kwa njia ya maji: Alexandria, Khartoum, Malakal, Juba, Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na kuendelea. Ndege zenyewe ziliitwa Empire. Zilikuwa na motere nne, mabawa ya karibu metre 35 kutoka ncha mpaka ncha, na uzito wa tani 18 hivi zikijaa. Jumla ya zilizotengenezwa ni 42.

Tarehe 14 mwezi wa 3, 1939, Corsair ilikuwa inatoka upande wa Ziwa Viktoria kwenda Juba, ikielekea Uingereza. Piloti alikuwa Kapiteni Alcock, ndugu ya yule John Alcock ambaye mwaka 1919, pamoja na Brown, alivuka Atlantiki kwa ndege bila kutua, watu wa kwanza kufanya hivyo. Chombo cha redio cha kuonyesha njia kiliwadanganya. Waliendelea, na Nile hawakuiona. Mafuta yalipokaribia kwisha, hawakuwa na la kuchagua tena: chini waliona mto, wakashuka. Chukua ramani uangalie mwenyewe. Faradje iko kusini-magharibi ya Juba, na kati yao ni karibu kilometre 240. Walikuwa wamepotea sana.

Kutua kulifaulu. Lakini Dungu si Ziwa Albert. Ni mto mwembamba, una makona, una mawe. Jiwe moja lilipasua tumbo la ndege, na piloti akaisukuma upesi mpaka kwenye matope ya ukingo isizame. Watu wote walitoka wazima.

Hapo sasa ndipo habari yenyewe inapoanza, kwa maoni yetu. Ndege ya tani 18 iko katika matope, mbali na bahari, mbali na kila kiwanda. Wangeweza kuiacha. Lakini ndege za namna hiyo hazikuwa nyingi, na mafundi wakatumwa kutoka Uingereza kuja kuitengeneza hapo hapo mtoni. Mwezi wa 7 kazi ilikuwa imekwisha. Alcock akarudi, akawasha motere, akajaribu kuruka. Ndege ikagonga jiwe tena, tumbo likapasuka tena! Kazi yote ya miezi ile ikaingia maji, kweli kweli.

Sababu gani ni vigumu hivyo kuruka kutoka mtoni? Kila mtu aliyepiga kasia anajua kwamba maji yanashika mtumbwi. Vilevile yanashika tumbo la ndege. Lazima ikimbie mbali, mpaka inyanyuke kidogo kidogo na kuteleza juu ya maji, na chini ya tumbo kuna kijidaraja kinachosaidia maji yaachie. Wakati huo wote inataka njia iliyonyooka na maji yenye kina. Dungu haukuwa na kimoja wala kingine.

Mwezi wa 9 vita ya Ulaya ikaanza, na Waingereza walizidi kuitaka ndege yao. Wakatengeneza tumbo mara ya pili. Lakini mvua zikikwisha mto unapungua. Basi wakaamua jambo ambalo sisi tungeliita wazimu kama lisingefaulu: kama mto hautoshi, tuuongeze. Wakajenga ukuta wa kuzuia maji, baraji, ili maji yapande na kuwa kama ziwa. Kando ya kazi kukawa na kijiji, na Waingereza wakakiita Corsairville. Tarehe 6 mwezi wa 1, 1940, Kapiteni Kelly Rogers aliiendesha Corsair juu ya maji yale, na mara hii ikaruka.

Iko wapi leo? Haiko. Iliendelea na kazi wakati wa vita, na mwaka 1947 ikavunjwa vipande. Si yeye peke yake: katika zile Empire 42 hakuna hata moja iliyobaki katika makumbusho yoyote ya dunia. Wengine hupenda kusema kwamba sisi huku hatujui kutunza vitu, kwamba kila alumini kwetu inaishia kuwa sufuria. Kumbe na wenye ndege walifanya yale yale. Baadaye wakajuta, na sasa Southampton wanatunza Sandringham, Oakland wanatunza Solent, ambazo ni jamaa tu wa zile zilizopotea.

Tena kuna jambo ambalo makumbusho hata ikiwa nzuri hailionyeshi. Maandishi ya mbele ya ndege yanataja kiwanda, motere na piloti. Baraji ya Dungu haikujengwa na motere. Ilijengwa kwa mikono ya watu wa nchi ile, chini ya serikali ya Wabeleji, katika miaka ambayo mtu mweusi hakuulizwa kama anataka kazi. Jina la Alcock tunalo, la Kelly Rogers tunalo. Wale waliobeba udongo, majina yao yamo katika vichwa vya wazee tu, kama bado yamo. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 siku ile ndege iliposhuka, leo amepita miaka 95. Na Faradje imepata taabu nyingine tangu hapo: tarehe 25 mwezi wa 12, 2008, LRA waliishambulia, wakaua watu zaidi ya mia moja na kuteka watoto, na jamaa nyingi zikakimbia. Mzee akikimbia, anakimbia na habari zake. Wengine wako hapa Bunia, pengine nyuma ya nyumba yenu.

Kwa hiyo ninyi mnaokwenda vakansi upande wa Faradje, Aba au Dungu, na ninyi wenye babu na bibi waliotoka huko, tunawapa kazi. Ulizeni baraji ilikuwa mahali gani, na kama kuna jiwe au mti wake uliobaki. Ulizeni ni nani aliyewaita watu kazini, walilala wapi, walikula nini, walilipwa franga ngapi au hawakulipwa. Walogo, Wamondo na Wazande waliita ndege ile jina gani? Msimwambie mzee jibu kabla hajasema, na akisema jambo lisilopatana na haya tuliyoandika hapa, msimrekebishe. Andikeni maneno yake kama alivyosema, jina lake kama anakubali, kijiji chake na tarehe. Daftari zitapokewa katika chumba cha bulletin siku ya kwanza ya kufungua masomo, na tutazichapa moja baada ya moja.