Mkosaji Aliye Chini ya Probesheni: Hayuko Huru, Wala Hajatupwa

Mara nyingi jirani aliyekamatwa kwa wizi mdogo huonekana tena kijijini baada ya kesi, nasi polisi tukashutumiwa kwamba tumekula rushwa. Wengine hufikia hata kutaka kumpiga. Somo hili laeleza jambo lililotendeka mahakamani.

Nchini Uganda, hakimu aweza kumweka mkosaji chini ya uangalizi badala ya kumpeleka gerezani, mradi mkosaji mwenyewe akubali masharti. Msimamizi wake ni afisa wa probesheni wa wilaya, mwenye wajibu wa namna mbili. Kwanza, humtembelea au humwita aripoti, huhakikisha kwamba masharti yanatimizwa, na huiarifu mahakama juu ya mwenendo wake. Pili, humshauri, humsaidia, huwa rafiki yake, na ikihitajika humtafutia kazi halali. Asimamiwaye bila kusaidiwa hurudia kosa kwa njaa. Asaidiwaye bila kusimamiwa hulidharau kosa lake.

Adhabu iliyo karibu na hiyo ni utumishi wa jamii, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2000. Huhusu makosa madogo ambayo kifungo chake hakizidi miaka 2. Mkosaji hufanya kazi ya umma bila malipo, kama vile kufyeka uwanja wa kituo cha afya, kwa muda usiozidi miezi 6, wala si zaidi ya saa 8 kwa siku.

Mpakani pana hatari ya pekee. Huko Busia au Mutukula, kuvuka kwenda sokoni ni jambo la kila siku. Lakini mkosaji akihamia kwa shangazi yake ng'ambo bila kumwarifu msimamizi, hukosa kuripoti. Mahakama yaweza kuamuru akamatwe, kisha ikampa adhabu ya kosa lile la kwanza. Akitaka kuhama, na aseme mapema.

Nanyi majirani, msimfiche, wala msimtenge. Akivunja masharti, mwarifuni mwenyekiti wa LC1, afisa wa probesheni au kituo cha polisi. Msimpige, kwani ampigaye naye ametenda kosa. Hakimu amekwisha kuamua. Kijiji hakina ruhusa ya kuongeza hukumu yake.

Swali la kujadili kikaoni: ni nani miongoni mwetu aliye tayari kumpa kijana wa namna hii kazi ya halali?